Shada la kipupwe, kutoka Ruaha Mbuyuni hadi Mafinga

Ifikapo Julai, karibu kila kinachohitajika kutengeneza shada la kupamba mlango kimeshakauka chenyewe kandokando ya barabara kuu, kuanzia Ruaha Mbuyuni hadi Mafinga. Bondeni mibuyu imepukutisha majani na kubaki na matunda yanayoning'inia, na vitunguu vinang'olewa. Huko juu mahindi yamekaukia shambani, maganda yake yamekuwa meupe na mepesi, na chini ya mipaina koni zimetapakaa. Hata hivyo nyumba nyingi za Iringa na Mbeya, zenye watu waliozoea kusuka tangu utotoni, zinapambwa kwa maua ya plastiki yaliyosafiri baharini. Miezi michache ya jua inatosha kuyafifisha, na baada ya hapo kazi yake inabaki kukusanya vumbi.

Naliandika hili kwa sababu naupenda msimu huu wa baridi na naona tunaupitisha bila kuusherehekea. Kila mwaka Mamlaka ya Hali ya Hewa inapotangaza mwelekeo wa kipupwe, yaani Juni, Julai na Agosti, nyanda zetu huwa miongoni mwa zinazotajwa kwa baridi kali. Kule Makete na baadhi ya sehemu za Mufindi sakitu huyageuza majani ya shambani kuwa meupe alfajiri. Watu hurudi ndani mapema, chai hunywewa mara nyingi zaidi, wageni hukaa muda mrefu. Hakuna msimu ambao nyumba inakaliwa kama huu. Basi huu ndio msimu wa kuipamba.

Desturi ya kutundika duara la majani mlangoni au mezani ni ya nchi za kaskazini, ambako baridi huja Desemba. Miti mingi kule hubaki mifupa mitupu, kwa hiyo matawi machache yanayobaki na ukijani, ya miti ya jamii ya mipaina, yaliingizwa ndani yawape watu moyo. Mwaka 1839, mjini Hamburg, mchungaji Mlutheri Johann Hinrich Wichern alichukua gurudumu la mkokoteni na kulipanga mishumaa ili watoto aliokuwa akiwalea wahesabu siku za kuingojea Krismasi. Kutoka hapo likakua lile shada la Majilio lenye mishumaa minne. Wamisionari wa Kijerumani, Wamoravia na wale wa Berlin, waliingia Nyanda za Juu Kusini mwaka 1891 kwa upande wa Unyakyusa, kisha kazi ya Berlin ikaenea hadi Ubena na Uhehe. Wilaya ya Kilolo yenyewe ina kijiji kinachoitwa Pommern hadi leo. Si ajabu kwamba wengi wetu shada la duara tulilikuta kwanza kanisani.

Lakini Desemba yetu ni mwezi wa mvua na wa kupanda. Milima ni kijani, mlango hauhitaji kutiwa moyo na tawi lolote, na kitu chochote kilichokauka ukikitundika barazani kitaota ukungu. Ile pamba tunayoimwaga juu ya mti wa Krismasi ili ifanane na theluji huwa inanisikitisha, kwa sababu inaigiza baridi ya watu wengine wakati ya kwetu tumeiacha ipite miezi sita nyuma. Duara ni zuri, tulichukue. Tulihamishie Julai.

Tuanzie bondeni. Ruaha Mbuyuni ni kata ya Wilaya ya Kilolo, mpakani na Morogoro, kando ya Mto Ruaha Mkuu. Mto huo umetoka Usangu, umepita Bwawa la Mtera, na unashuka kuelekea Kidatu. Mvua za hapa ni haba na joto ni kali, ila maji ya mtoni na ya mifereji yamelifanya bonde kuwa shamba la vitunguu linalojulikana nchi nzima. Basi likisimama tu, vitunguu vinafika dirishani kabla dereva hajazima injini, vikiwa katika nyavu zao nyekundu, vingine vimemwagwa kwenye ndoo na masinia.

Shada ninalolipenda kuliko yote linatoka hapa, na ni la vitunguu vitupu. Ni pambo na ni akiba ya jikoni kwa wakati mmoja. Tatizo lake liko mahali pamoja: vitunguu vinavyofika barabarani vimeshakatwa majani na mizizi, maana mnunuzi wa gunia hataki kubeba kisichoingia sufuriani. Vya kusuka lazima uvitafute shambani kabla ya kisu kupita. Unaamkia, shikamoo mama, au kamwene kama unajua Kihehe, unaeleza kwamba unataka vile vidogo pamoja na mikia yake. Mara nyingi muuzaji anashangaa kwanza, maana vidogo ndivyo visivyo na bei. Vitunguu vya ukubwa wa limau, ambavyo mfanyabiashara wa Kariakoo anavipita bila kuviangalia, ndivyo vinavyokaa vizuri zaidi kwenye shada.

Chagua vyenye shingo nyembamba iliyokauka kabisa. Ibonyeze shingo kwa kidole gumba. Ikiwa bado laini na ina unyevu ndani, kitunguu hicho kitaoza mapema na kuwaambukiza jirani zake. Usivioshe hata kama vina udongo. Visugue kwa kiganja, gamba la juu lililochakaa litoke lenyewe na lile la chini, jekundu lenye kung'aa, libaki. Mkia uache urefu wa shibiri moja na nusu. Viache siku kadhaa kivulini, mahali penye upepo, vimetandazwa bila kupandana.

Kusuka fanya asubuhi, kabla jua halijakausha hewa, kwa sababu mikia mikavu kupita kiasi inavunjika mkononi. Mikia peke yake haina nguvu ya kubeba uzito, kwa hiyo chukua uzi wa katani wenye urefu wa mara tatu ya shada unalolitaka, ukunje katikati, uufunge pamoja na mikia ya vitunguu vitatu vya kwanza. Hapo una nyuzi tatu za kusukia: katani imeungana na mikia katika kila mmoja wa nyuzi mbili, wa tatu ni mikia mitupu. Suka kama unavyosuka nywele. Kila unapovuka, ongeza kitunguu kimoja, kibane karibu kabisa na wenzake, mkia wake umezwe na msuko. Utaona vitunguu vinaanza kupandana kwa mzunguko, kimoja kushoto, kimoja kulia, kimoja juu, na msuko wenyewe unapotea nyuma yao. Ukifika urefu wa mkono mzima, kunja uwe duara, funga ncha kwa ncha. Hamna gundi, hamna waya.

Ukilifikisha Iringa au Mbeya usilitundike popote. Kitunguu kilichokomaa hulala usingizi mzito kwenye joto la nyuzi 25 hadi 30, kama la Mbuyuni, na pia hulala kwenye baridi inayokaribia kuganda. Kinachokiamsha ni katikati ya hapo, kati ya nyuzi 10 na 20, ambayo ndiyo hali ya nyumba zetu za juu mwezi Julai. Kwa hiyo litundike jikoni, ukuta wa upande wa jiko lakini mbali na mvuke wa sufuria, kisha ule. Anza kukata vya chini ukipanda. Baada ya majuma machache duara litakuwa limekonda, na ukiona kitunguu kimetoa chipukizi la kijani, hicho ndicho cha kuingia kwenye mchuzi siku hiyo.

Mbuyuni pia kuna mibuyu yenyewe, ile mikubwa inayoifuata barabara kutoka upande wa Mikumi. Wakati wa kiangazi miti hiyo imebaki na matunda tu. Watu huyapasua kutoa ubuyu na kuyatupa magamba, na magamba hayo ni mali. Yana manyoya laini ya kahawia yanayogeuka kama dhahabu kwenye mwanga wa pembeni. Manyoya hayo yanawasha, basi sugua gamba kwa kitambaa kikavu kwanza, nje ya nyumba. Kwa msumeno wa chuma ukikata tunda zima kwa upana wake, unapata pete za mviringo, na kwa msumari uliochomwa moto unazitoboa tundu la uzi. Gome la mbuyu nalo linatoa nyuzi imara, na mbuyu ni mti wenye uwezo wa kuota gome jipya ukibanduliwa. Ila hilo si ruhusa ya kuubandua. Kwa pambo la nyumbani nunua kamba iliyokwisha kutengenezwa, au tumia katani, na mti uuache.

Katani yenyewe si ya asili yetu, nayo ina safari ndefu: Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge kutoka Marekani mwaka 1893, na iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Leo kifundo cha uzi wake kinapatikana katika duka lolote la vifaa, na ndicho kitu pekee cha dukani ambacho shada la vitunguu linakulazimisha kununua.

Kutoka Mbuyuni barabara inapita Mtandika na Mahenge, kisha inaanza kuupanda Mlima Kitonga kwa kona zile zinazomfanya kila abiria anyamaze. Juu ya Kitonga hewa inabadilika ghafla, watu wanavaa makoti. Ukifika Ilula umefika nchi ya nyanya, na penye nyanya pana matenga. Fito za mwanzi zinazosukia matenga ndizo fremu bora ya shada. Mwanzi wa Iringa tunaujua zaidi kwa pombe yake, ulanzi, lakini ukipasuliwa ungali mbichi unapinda bila kulalamika. Ufito wa urefu wa mita moja na robo hivi ukikunjwa unatoa duara la ukubwa wa sinia la wali, na hicho ndicho kipimo kizuri cha mlango wa kawaida. Funga fito mbili pamoja, moja ndani ya nyingine, na uache duara likauke likiwa limelazwa chini ya kitu kizito lisije likapinda upande.

Kama huna mwanzi, tengeneza ngata kubwa. Mwanamke yeyote aliyewahi kubeba ndoo kichwani anajua kuisokota: nyasi au majani yanazungushwa, yanapokelewa na mengine kabla hayajaisha, na mzunguko wa pili unabanwa ndani ya wa kwanza. Tofauti ni ukubwa tu. Chukua nyasi za kuezekea, ziloweshe kidogo, zisokote fungu la unene wa mpini wa jembe, ulizungushe, kisha ulifunge kwa uzi kila baada ya vidole vinne. Miongozo ya mapambo inayotoka nje huanza kwa kukuagiza ununue duara la povu jeupe au la waya. Sisi fremu tunazisokota tangu tukiwa na umri wa miaka saba.

Wale wanaotaka kitu cha hali ya juu wapande hadi kwenye milulu. Hiyo ndiyo majani membamba ya kwenye maji yanayosukwa vikapu vya Iringa, vile vyenye kitako cha duara na rangi zilizopangwa kwa mistari, ambavyo sasa vinauzwa hadi Ulaya na Marekani. Milulu ikikauka inakuwa na rangi ya asali isiyokolea. Ikilowekwa inalainika, na ikisukwa ikiwa na maji inakaza inapokauka, hivyo haihitaji kufungwa sana. Nyanda zetu zina wasusi hodari wa milulu, na ni heri kumlipa mmoja wao akusukie duara tupu kuliko kununua la kiwandani. Mjini Iringa kituo cha Neema Crafts, kilichoanzishwa mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, kimeonyesha kwa vitendo kwamba kazi ya mikono iliyofanywa vizuri na watu wenye ulemavu inauzwa kwa ubora wake, si kwa kuhurumiwa. Karatasi zao zilizotengenezwa kwa kinyesi cha tembo ni ushahidi wa jinsi kitu kinachodharauliwa kinavyoweza kupandishwa hadhi.

Mahindi ya nyanda za juu hukauka wakati huu huu. Maganda ya ndani, yale yanayogusa punje, ni laini kama kitambaa. Nyunyizia maji, yakunjue, yapasue vipande vya upana wa vidole viwili, ukunje kila kipande kiwe kitanzi na ufunge vitanzi sita au saba kwa chini. Hapo una ua. Rangi usinunue. Chemsha maganda makavu ya vitunguu, yale yaliyobaki chini ya gunia, mpaka maji yawe mekundu ya kutu, weka shabu kiasi cha kijiko, tumbukiza maganda ya mahindi kwa nusu saa. Yatatoka na njano ya kahawia yenye joto. Ukitia misumari michache yenye kutu ndani ya maji hayo, rangi inageuka na kuwa ya zeituni. Kwa hizo rangi mbili na weupe wa asili unapata shada zima bila kununua hata kibati kimoja cha rangi.

Halafu ndiyo mipaina. Ukiacha Iringa na kupita Ifunda, unaingia Mufindi, kwenye shamba la miti la Sao Hill, lililo kubwa kuliko mashamba yote ya kupandwa ya serikali nchini. Miche ya kwanza ya majaribio ilipandwa huko mwaka 1939. Leo, mbali na shamba hilo linalosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu, familia nyingi za Mufindi na Kilolo zina mashamba yao binafsi ya mipaina, na koni zake kwao ni takataka. Omba, utapewa. Ndani ya shamba la serikali omba ruhusa kwanza, na msimu huu wa ukavu usiingie humo na kiberiti wala sigara. Moto wa msituni Mufindi umekwishateketeza jasho la watu wengi.

Koni hazifanani. Mpaina unaopandwa zaidi, patula, hutoa koni ndogo zilizopinda, zimejikusanya tatu au nne pamoja na kushikilia tawi kwa nguvu, na zinaweza kubaki zimefunga kwa miaka mpaka zipate joto kali. Hizo kata pamoja na kijitawi chake, maana uzuri wake uko katika kule kukumbatiana. Mpaina wa elliottii ndio wenye koni kubwa, za kahawia inayong'aa kama zimepakwa mafuta, na hizo huanguka zikiwa zimefunguka. Ichukue moja uiangalie kwa karibu. Kila gamba lina uvimbe mdogo kwenye ncha, na uvimbe huo una mwiba mfupi unaochoma kidole. Magamba yamepangwa kwa mizunguko inayopanda kulia na mingine inayopanda kushoto, na ukifuata mmoja kwa kidole utafika kileleni bila kuuacha. Iweke koni hiyo kwenye bakuli la maji usiku, asubuhi utaikuta imejifunga kabisa. Ikaushe kando ya jiko, inafunguka tena. Magamba hunyonya unyevu kwa upande mmoja zaidi ya mwingine, ndiyo maana yanapinda. Mti unafanya hivyo ili mbegu zake zitoke siku ya ukavu, zipeperuke mbali. Kwa mpambaji maana yake ni kwamba shada la koni hutanuka na kupendeza Julai, na litanywea Desemba.

Kabla ya kuzitumia, zitandaze juani siku mbili tatu, au juu ya wavu kando ya jiko lenye moto mdogo, wadudu wakimbie na utomvu ukauke usiichafue nguo. Usizipake rangi ya dhahabu ya kupuliza, tafadhali. Zungusha uzi kwenye safu ya chini ya magamba, uufiche ndani, ukaze, kisha ufunge kwenye duara la mwanzi au la nyasi. Anza na kubwa, ukiziacha zifunike robo tatu tu ya mzunguko. Nafasi inayobaki iache wazi. Shada lililojazwa pande zote huwa zito kwa macho, na waanzaji wengi wanaharibu hapo kwa kuogopa kuacha utupu.

Kwa ukijani, kata majani machanga ya mlingoti, yaani mkaratusi, yale ya duara yenye unga wa kijivu yanayochipuka kutoka kwenye kisiki. Yakikauka hayapotezi rangi yote, na harufu yake inajaza chumba kwa majuma. Tawi la mti wa Krismasi linafaa pia, ila baada ya mwezi linaanza kumwaga majani sakafuni. Walioko Mbeya wana migomba ya Tukuyu, na magome yake makavu yanasokotwa kuwa utepe wa kahawia unaopita kila utepe wa dukani. Maua ya pareto, yanayolimwa Mufindi, Makete na milimani Mbeya, yanapendeza yakikaushwa yakiwa yameinamishwa kichwa chini, lakini baadhi ya watu yanawawasha ngozi. Vaa glavu, na usiyaweke kwenye chumba cha mtoto.

Maua ya porini ya Kitulo usiyaguse. Uwanda ule, ambao watu wameuita Bustani ya Mungu, ulitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na mojawapo ya sababu ilikuwa chikanda: viazi vya okidi vilivyochimbwa kwa magunia kupelekwa Zambia hadi okidi zenyewe zikawa adimu. Kila mchimbaji alichukua kidogo tu. Maua yasiyofifia, yale ya njano yanayobaki na rangi hata yakikauka, yanavutia sana mkono wa mpambaji, lakini mpambaji anayeipenda nchi yake atayaacha pale pale.

Kuna jambo la wazee ambalo sitaki kulipita. Kwetu shada limezoeleka makaburini, na mama mkwe anayefika na kukuta duara la maua mlangoni anaweza kushtuka na kuuliza ni nani aliyefariki. Hofu hiyo ni ya heshima na inastahili kuheshimiwa. Nimeona inaondoka yenyewe shada likiwa la vyakula na mavuno, vitunguu, maganda ya mahindi, magamba ya ubuyu, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuvipeleka hivyo kaburini. Utepe wa zambarau na ua jeupe la plastiki viache. Na kama bado mzee hana amani, litundike jikoni au sebuleni juu ya kabati, mlango ubaki mtupu.

Tahadhari ya mwisho ni moto, na hapa naomba nisikilizwe. Koni zina utomvu, nyasi zimekauka, na mlingoti una mafuta. Shada la namna hii halikai juu ya jiko, halikai karibu na kibatari, na halipangwi mishumaa inayowaka. Mwenye kutaka la Majilio lenye mishumaa atengeneze jingine la matawi mabichi juu ya sinia la bati, na ayanyunyizie maji kila siku.

Sasa nirudi kwa wauzaji wa Ruaha Mbuyuni, kwa sababu hao ndio niliokuwa nikiwafikiria nilipoanza kuandika. Abiria wa basi la Mbeya hana mahali pa kuweka gunia. Ananunua wavu mmoja mdogo, anaukandamiza chini ya kiti, na anabishana bei kwa sababu kitunguu cha dirisha hili hakina tofauti na cha dirisha lile. Shada la vitunguu vidogo linaning'inizwa kwenye ndoano ya koti iliyo juu ya kiti. Halichukui nafasi, halimwagiki, na mtu anaweza kulifikisha kwa shangazi yake huko Mwanjelwa, Mbeya, likiwa zawadi kamili isiyohitaji kufungashwa. Kazi ya kusuka moja haizidi saa kwa mkono uliozoea, na malighafi yake ni vile vidogo ambavyo sasa vinauzwa kwa bei ya kutupa au kubaki shambani. Mashada kumi yanaenea kwenye mti mmoja unaobebwa begani, yakionekana tangu basi likiwa mbali. Muuzaji asikubali kuyauza kwa bei ya kilo. Aweke bei ya kitunguu, halafu juu yake aweke bei ya kazi ya mikono yake, na abiria mwenye kuuliza kwa nini ni ghali aelezwe hivyo hivyo.